PD-1 Kichupani: Kipokezi Kikikataa Kushika, Anza Kuuliza Hapa

Lalamiko la kwanza huwa lilelile: "Protini imekufa." Kichupa kilifika kikiwa baridi, unga ukayeyushwa, sahani ikapakwa, ligandi (molekuli inayoshikwa na kipokezi) ikamiminwa, na mwishowe vishimo vikabaki havina rangi, kama vilivyoanza. Kwa protini nyingi dhana hiyo ina mantiki. Kwa PD-1 ya binadamu ni ya kuwekwa mwisho kabisa, kwa sababu kipokezi hiki kwa maumbile yake humshika mwenzake kwa ulegevu na kumwachia upesi. Mara nyingi protini ni nzima. Jaribio ndilo halina macho ya kuiona.

PD-1 hukaa juu ya seli T zilizoamshwa, na kazi yake ni kuzipunguza kasi inaposhikana na ligandi zake mbili, PD-L1 na PD-L2, zilizo juu ya seli nyingine. Kundi la Tasuku Honjo huko Kyoto lilitangaza jeni lake mwaka 1992, na mwaka 2018 Honjo aligawana Tuzo ya Nobel na James Allison. Protini kamili ina asidi amino 288, lakini hiyo siyo uliyoinunua. Kilichomo kichupani ni sehemu ya nje ya seli peke yake, takriban kuanzia asidi amino ya 25 hadi ya 167, bila kipande kinachopenya utando wala mkia wa ndani unaopeleka ishara. Nyuma yake mtengenezaji ameunganisha ama mkia wa histidini au sehemu ya Fc (shina) ya kingamwili, mara nyingi IgG1 ya binadamu.

Kabla ya hatua yoyote, soma karatasi ya maelezo ujibu maswali matatu. Mkia ni upi? Protini ilitengenezwa na seli gani: za mamalia kama HEK293 au CHO, au bakteria E. koli? Na je, ndani ya unga kumetiwa albumini ya ng'ombe kama mlinzi? Karibu kila tatizo lililoko hapa chini linarudi kwenye mojawapo ya majibu hayo, na nimeona watu wakihangaika siku nyingi kwa jambo lililokuwa limeandikwa wazi kwenye mstari wa nne wa karatasi.

ELISA haionyeshi kitu, au inaonyesha kidogo mno

ELISA ni kipimo kinachoonyesha mshikano kwa rangi kwenye vishimo vya sahani. Tuanze na hesabu. Sehemu ya nje ya PD-1, ikiwa mojamoja, hushikana na PD-L1 kwa KD (kiwango ambacho nusu ya molekuli huwa zimeshikwa; kadiri kilivyo kidogo ndivyo mshikano ulivyo imara) ya takriban mikromola 8. Kwa PD-L2 ni nafuu kidogo, kama mikromola 2. Mnyororo wenyewe bila sukari una uzito wa kilodaltoni kama 17, hivyo mikromola 8 ni sawa na mikrogramu 136 kwa kila mililita. Sasa tazama umeweka kiasi gani. Wengi huweka mikrogramu 1 kwa mililita, mazoea waliyoyatoa kwenye kingamwili. Hiyo ni mikromola 0.06, na kwa kiasi hicho ligandi iliyoshikwa haifiki hata asilimia 1. Halafu hao wachache walioshikana huachana ndani ya sekunde chache tu, nawe unaosha sahani mara tano, kila safari dakika moja. Kinachobaki cha kupimwa ni nini?

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza ni umbo: je, pande zote mbili ni mojamoja? PD-1 yenye mkia wa histidini dhidi ya PD-L1 yenye mkia wa histidini ni jozi nzuri kwa kupima nguvu halisi ya mshikano kwenye mashine ya SPR (inayofuatilia kwa mwanga molekuli zikishika na kuachia), lakini kwa ELISA ya kuoshwa ni jozi ya kukatisha tamaa. Fc hujiunganisha mbili mbili, hivyo PD-1 yenye Fc ina mikono miwili. Ukiibandika kwenye sahani kwa msongamano wa kutosha, kisha ukaleta PD-L1 ambayo nayo ina mikono miwili, mkono mmoja ukiachia mwingine bado umeshika, na wa kwanza hurudi mahali pake kabla molekuli haijaondoka. Nguvu ya kila mkono haijabadilika hata kidogo, ila jozi nzima sasa huonekana kana kwamba inashikana kwa kiwango cha nanomola. Njia nyingine ni kuibandika ligandi biotini, vitamini ndogo, na kuikusanya juu ya streptavidini, protini yenye nafasi nne za kuishika biotini hiyo.

Sababu ya pili ni upakaji wa sahani. Ikiwa unga ulitiwa albumini, mara nyingi albumini hiyo huzidi kipokezi kwa uzito mara 50. Ukiimimina kwenye plastiki, ni nani atakayewahi nafasi? Albumini huenea sahani nzima na PD-1 hubaki ikielea, kisha unaimwaga pamoja na maji ya kuosha. Kwa kupaka sahani, kwa kubandika biotini, na kwa kazi yoyote inayoshika asidi amino bila kuchagua, agiza toleo lisilo na mlinzi. Ile yenye albumini iwekee kazi za seli.

Ya tatu ni vitu vidogo vilivyomo kwenye bafa, yaani maji yenye chumvi za kutuliza pH. Sodiamu azidi huua kimeng'enya cha HRP kinachotoa rangi ya ELISA, na kitone kilichobaki kutoka bafa ya kuhifadhia kingamwili kinatosha kukuharibia siku. DTT au merkaptoethanoli huvunja daraja la salfa kati ya sisteini ya 54 na ya 123, daraja linaloshikilia umbo la kipokezi. Likivunjika, huna kipokezi tena, una uzi. Kama mwenzako aliazima bafa yako jana kwa ajili ya jeli, muulize alitia nini.

Namna ya kutenganisha sababu hizi ni kuwa na mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni ligandi. Wa pili ni kingamwili inayojulikana kushika PD-1 iliyokunjwa vizuri, kama nivolumab au pembrolizumab, ambazo hushika kwa nguvu kubwa na haziondoki kwa kuoshwa. Kingamwili ikishika na ligandi ikakataa, kipokezi kipo na kimesimama vizuri. Tatizo liko kwenye ulegevu wa mshikano, kiasi ulichoweka au ligandi yenyewe. Vyote viwili vikikataa, rudi kwenye upakaji na bafa. Ligandi ikishika na kingamwili ikakataa, shuku kingamwili.

Lakini hapa pana mtego, na mimi mwenyewe niliuingia. Nivolumab na pembrolizumab ni IgG4 zenye Fc ya kibinadamu. Ikiwa PD-1 yako ina Fc ya binadamu, kingamwili ya pili inayotafuta IgG ya binadamu itaishika Fc ya kipokezi moja kwa moja, hata kwenye kishimo ambacho hakikuwekwa nivolumab. Nilipata rangi nzuri mno, nikafurahi, nikaja kugundua siku ya tatu kwamba kishimo tupu kilikuwa na rangi ileile. Kwa jaribio hili tumia PD-1 yenye mkia wa histidini au yenye Fc ya panya, au tumia kingamwili iliyobandikwa biotini ili usihitaji ya pili.

Umebandika biotini, kisha mshikano umepungua

Kemia ya NHS, ile inayobandika biotini kwenye amini, hushika asidi amino ya lisini yoyote itakayoiona. Lisini ya 78 ya PD-1 iko kwenye uso uleule unaokutana na PD-L1. Ukizidisha biotini, unaziba mlango. Punguza uwiano, uanze na biotini mbili au tatu kwa kila molekuli, kisha pima kama ligandi bado inashika. Kama biotini haikubandika kabisa, angalia bafa: Trisi na glisini zina amini zake zenyewe na zitaimaliza NHS kabla haijafika kwenye protini. Hamishia kwanza kwenye PBS, bafa ya fosfati isiyo na amini. Afadhali zaidi ni kununua kipokezi chenye mkia wa Avi, kipande cha asidi amino 15 ambacho kimeng'enya cha BirA hukibandika biotini moja tu, mahali pamoja, mbali na mlango.

Jeli inaonyesha bendi mahali usipopatarajia

Hesabu inasema kilodaltoni 17, jeli inasema kati ya 30 na 40, tena bendi yenyewe imetanuka kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Hakuna kosa hapo. PD-1 ina sehemu nne za kubeba sukari, kwenye asparajini za 49, 58, 74 na 116, na seli za mamalia huziweka sukari zenye urefu tofautitofauti. Bendi nyembamba, kali, karibu na 17 ndiyo ingenishtua kwa protini iliyoandikwa HEK293, maana hiyo ni sura ya protini ya bakteria, ambao hawaweki sukari hizo.

Kuthibitisha, kata sukari kwa kimeng'enya cha PNGase F. Bendi itashuka na kukaza. Ukiona bendi nyingine mpya karibu na 36, usiandike kwenye daftari kwamba umegundua kipande kipya; hiyo ni PNGase F yenyewe. Weka njia moja ya jeli yenye kimeng'enya peke yake, uondoe shaka.

Bendi nene kwenye 66 na kivuli tu cha bendi mahali pa PD-1 maana yake ni albumini. Soma tena karatasi.

Bendi mara mbili ya uzito kwenye jeli isiyo na DTT inahitaji kufikiriwa zaidi. Kwa toleo la Fc ni kawaida, kwa kuwa Fc mbili hufungwa pamoja kwa madaraja ya salfa, na DTT huzitenganisha. Kwa toleo la histidini, msababishi ni sisteini ya 93. Haina mwenza ndani ya molekuli, hivyo protini ikikaa muda mrefu au ikisongamana mno majini, sisteini hiyo humtafuta mwenza kwenye molekuli ya jirani. Wanaotengeneza fuwele za PD-1 wamekuwa wakiibadilisha kuwa serini ili kuepuka usumbufu huo. Kiasi kidogo cha jozi za namna hii hakidhuru ELISA, lakini kwenye SPR kitakudanganya, na tutafika huko.

Sukari hizi zina maana nyingine ambayo watu huisahau. Kingamwili ya camrelizumab, kwa mfano, hutegemea pia sukari iliyo kwenye asparajini ya 58. Ukiipima dhidi ya PD-1 ya bakteria ukapata mshikano dhaifu, kingamwili haina hatia. Nivolumab haijali sana sukari hizo. Ndiyo sababu swali la "imetengenezwa na nani" siyo la urembo.

Kichupa kinaonekana kitupu, au kiasi hakilingani na kilichoandikwa

Mikrogramu 50 za unga uliokaushwa kwa kugandishwa hazionekani kwa macho, na zikionekana ni chumvi na trehalosi. Unga hupenda kuruka na kung'ang'ania kifuniko. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji sekunde chache kabla ya kukifungua, siyo baada ya kufungua.

Yeyusha kwa kile karatasi inachosema. Ikisema maji safi, tia maji, kwa maana chumvi za bafa zimo tayari ndani ya unga. Ukitia PBS utakuwa na chumvi maradufu. Usitikise kwa mashine mpaka povu litoke. Protini hukunjuka na kuharibika penye mpaka wa maji na hewa, na povu ni mipaka hiyo kwa maelfu. Mimina polepole ukifuata ukuta wa kichupa, kiache mezani dakika 15 hadi 30, kigeuze taratibu mara chache.

Ukipima kwa mwanga wa nanomita 280 ukapata namba ya ajabu, jiulize tupu yako, yaani bafa uliyowekea sifuri, ilikuwa nini. Imidazoli iliyobaki kutoka kwenye usafishaji hunyonya mwanga katika eneo hilo, na albumini huziba kila kitu. Penye albumini, vipimo vya jumla vya protini havikusaidii. Amini kiasi kilichoandikwa.

Namba ikiwa sahihi leo na pungufu kesho, tazama ukuta wa mrija. Chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, sehemu ya protini hujibandika kwenye plastiki, na kadiri ulivyoipunguza zaidi ndivyo hasara inavyokuwa kubwa kwa uwiano. Tumia mirija isiyonata, au ongeza albumini asilimia 0.1 kama jaribio lako linairuhusu.

Ilifanya kazi vizuri, sasa inadhoofika kila wiki

Friza. Mara nyingi ni friza. Ile inayojiyeyusha barafu yenyewe hupanda na kushuka joto kila siku bila kukuambia, na protini yako huganda na kuyeyuka humo bila wewe kuigusa. Gawa kwenye migao ya matumizi ya siku moja mara tu unapoyeyusha unga, iweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na mgao uliotoka usirudi. Mgao usiwe mdogo kupita kiasi pia. Mikrolita 5 kwenye mrija mkubwa hukauka na kunata.

Maji yakionekana na ukungu, zungusha dakika 10 kwa kasi kubwa kwenye nyuzi 4, chukua ya juu, pima tena kiasi. Kama kimepungua sana, mabonge ya protini zilizogandamana yameshachukua sehemu yake. Ukungu ukitokea tena kesho yake, tupa. Usijaribu kuirudishia uhai. Dawa ya protini iliyokunjika vibaya siyo bafa mpya.

SPR inatoa KD isiyoaminika

Ukipata nanomola 20 kwa PD-1 na PD-L1, usishangilie. Uliza ni nani aliyekuwa akielea. Fc ikielea juu ya ligandi iliyosongamana, mashine inapima mikono miwili na mfumo wa hesabu unadhani ni mmoja. Bandika kipokezi, pitisha juu yake ligandi iliyo mojamoja, na panda hadi mikromola 30 au 40, vinginevyo mstari hautapinda na KD itakuwa ni ubashiri wa programu. Mabonge na jozi za sisteini ya 93 huleta kosa hilohilo kwa njia ya siri: sehemu ndogo tu ya sampuli hukataa kuachia, mkia wa mchoro haurudi chini. Pitisha sampuli kwenye safu ya kuchuja kwa ukubwa siku ileile ya kipimo, na chukua kilele cha molekuli moja peke yake.

Mstari wa chini ukiteremka taratibu wakati hakuna kitu kinachopita, na umebandika kwa histidini juu ya NTA (uso uliobeba nikeli), kipokezi kinavuja. Mkia mmoja wa histidini haushiki nikeli kwa uthabiti, na EDTA, kemikali inayonyakua metali, hata kidogo tu kwenye bafa hung'oa nikeli yote. Biotini juu ya streptavidini hutulia zaidi.

Seli haziitikii ulivyotaka

Hapa kosa mara nyingi ni la wazo. Mtu anatia PD-1 kwenye seli T akitegemea zinyamaze, zinachangamka zaidi. Analaumu usafi wa protini. Lakini ukiitafakari, PD-1 iliyo huru majimajini haina mkia wa ndani wala utando. Haiwezi kupeleka ishara kwa yeyote. Inachofanya ni kuzishika PD-L1 za seli jirani na kuziziba zisifikie PD-1 halisi ya seli T. Umeweka chambo, na breki imelegea. Kama unataka kukanyaga breki, unahitaji PD-L1, tena iliyobandikwa kwenye sahani au kwenye shanga pamoja na kingamwili ya CD3 inayoziamsha seli T, kwa sababu PD-L1 inayoelea huru haikusanyi vipokezi pamoja vya kutosha.

Seli zikiamka hata kwenye kishimo ambacho hakipaswi kuamka, na humo mna monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu), fikiria endotoksini, yaani LPS, sumu ya ukuta wa bakteria inayopimwa kwa vipimo vya EU. Karatasi ikiahidi chini ya EU 0.1 kwa mikrogramu, nawe ukatumia mikrogramu 10 kwa mililita, unaweza kuwa umetia EU 1 kwa mililita, kama pikogramu 100 za LPS. Monosaiti nyeti huisikia hiyo. Protini ya bakteria ni ya kushukiwa zaidi, lakini maji na bafa zako nazo zichunguze. Jaribio rahisi: chemsha sehemu ya sampuli nyuzi 95 kwa nusu saa. PD-1 itaharibika, LPS itavumilia. Mwitikio ukibaki uleule, siyo kipokezi kilichosema. Polimiksini B ikiuzima, una jibu la pili linaloafiki la kwanza.

Na kama ni toleo la Fc, kumbuka monosaiti na makrofaji zina CD64, kipokezi kinachoishika Fc ya IgG1 kwa nguvu nyingi kuliko PD-1 inavyoishika PD-L1. Rangi utakayoiona kwenye saitometa, mashine ya kupima seli mojamoja, inaweza kuwa ya CD64 mwanzo hadi mwisho. Weka kishimo chenye IgG1 ya binadamu tupu, kwa kiwango sawa cha molekuli, siyo cha uzito. Au tafuta toleo lenye Fc iliyobadilishwa isishikwe na vipokezi vya Fc.

Toleo jipya halifanani na la zamani

Hapa toleo ni kundi la utengenezaji, lile lenye namba yake kichupani. Usililinganishe na daftari, lilinganishe na protini. Bakiza migao miwili ya kila toleo ulilowahi kulitumia vizuri, na jipya likifika yapeleke yote mawili kwenye sahani moja, siku moja, mkono mmoja. Tofauti ndogo ya sukari kati ya matoleo ni ya kawaida na haimpi mtengenezaji hatia. Ila jipya likishindwa kwa ligandi na kwa kingamwili pia, huku la zamani likishika pembeni yake, una hoja. Watumie picha ya jeli yenye DTT na isiyo na DTT, mchoro wa ELISA wenye matoleo yote mawili, namba ya toleo, na maelezo ya jinsi ulivyoyeyusha, kwa mililita na kwa jina la bafa. Barua isemayo tu "haifanyi kazi" hurudi na maswali hayohayo, na wiki imekwisha.